Stanley hakupita Urambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe jambo nililolisikia mara nyingi, na mwezi uliopita nikalisikia tena ndani ya basi la Tabora kwenda Kigoma, kwamba barabara hii ya Urambo, Kaliua na Uvinza ndiyo njia aliyopita Henry Morton Stanley mwaka 1871 alipokwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Baba mmoja alinyoosha kidole dirishani, tukiwa hapa hapa Urambo, akawaambia wanawe, "Alipita hapa."

Hakupita. Mwaka huo Mtemi Mirambo, aliyetawala Urambo, alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na njia ya kwenda magharibi ilikuwa imefungwa. Stanley alijiunga na Waarabu hao, wakashindwa vibaya. Ndipo akaondoka Kwihara, karibu na Tabora, na kuzunguka kusini kupitia Ugunda, kabla ya kugeuka kaskazini kuufuata mto Malagarasi.

Walioizoea njia hii ya moja kwa moja, kwa miongo mingi, ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Na katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watumwa, ambao hawakurudi. Kila mtawala waliyempitia alidai hongo, neno ambalo enzi hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, uliolipwa mchana kweupe kwa nguo (leo tunalijua kwa kazi nyingine). Uvinza walikuta chumvi iliyopatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi, kazi ambayo mabaki yake yana umri wa zaidi ya miaka 1,000. Malagarasi, ambao leo basi linauvuka katika Daraja la Kikwete kabla abiria hajamaliza kumenya yai, wao waliuvuka kwa mitumbwi, baada ya kupatana nauli na wenye mto.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 upagazi wa biashara wa masafa marefu katika njia hii ulikwisha, na kwa muda mrefu baadaye sisi wa huku, hasa wakati wa masika, tulitegemea treni.

Nashauri wahusika, wakija kuweka vibao vya historia kando ya barabara hii, wawataje wapagazi kwanza, na kile cha Urambo kieleze kwa nini Stanley alizunguka.

Mwalimu mstaafu,
Urambo, Tabora