Alilelewa Kabla ya Kuwa Mlezi

Kwa Mhariri,

Watalii wanaokuja hapa Nyeri husimuliwa hadithi ileile: Elizabeth alipanda Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti, akiwa binti mfalme, akashuka malkia wa Uingereza. Sijasikia wakiambiwa kwamba mwaka huohuo, 1952, akawa pia mlezi wa Girl Guides, chama cha skauti wa kike wa Uingereza. Sisi tuliozoea kuwapeleka wasichana kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na mkewe Olave kila tarehe 22 Februari hatukosi kulitaja jambo hilo.

Uhusiano wake na Girl Guides haukuanza na taji. Mwaka 1937, alipokuwa na miaka 11, kikosi kilianzishwa ndani ya kasri la Buckingham, wasichana kama 20 hivi, wengine watoto wa watumishi wa humo. Akatiwa katika kundi dogo lililoitwa Mdiria, jina la ndege. Basi aliyeongoza Mdiria alikuwa jamaa yake, Patricia Mountbatten. Mrithi wa ufalme akawa msaidizi tu. Kila nikiwasimulia wasichana jambo hili walikuwa wakicheka. Mwaka 1943, vita vikiendelea, akajiunga na Sea Rangers, wale wanaofunzwa mambo ya majini. Alibaki mlezi hadi alipofariki 2022, miaka 70. Mdogo wake Margaret naye alikuwa rais wa chama tangu 1965 hadi kifo chake 2002.

Siandiki kwa kuupenda ufalme. Mwaka huohuo wa 1952 hali ya hatari ilitangazwa hapa kwetu, na Treetops yenyewe ikachomwa moto 1954. Wazee wangu hawakuwa na la kumshukuru. Ila mlezi ni mtu anayelea, na huyu alikuwa amelelewa kwanza.

Nilipokuwa nikifundisha, tulipata mlezi wetu, mtu mkubwa, jina nitalihifadhi. Alikuja mara moja na mpiga picha wake. Wasichana walikuwa wamejifunza wiki mbili kuwasha moto kwa njiti moja ya kiberiti, na kuni zilikuwa na unyevu. Alivishwa skafu, akapigwa picha, akatazama saa. Moto ulishika wakati gari lake likitoka getini. Mmoja wa wasichana akaniuliza, “Mwalimu, tuuzime tungoje arudi?”

Skafu aliiacha kitini. Ninayo hadi leo, imefuliwa na kupigwa pasi. Akiihitaji, aje aichukue.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri