Neno "usitutie" lisiondolewe katika Sala ya Bwana

Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita msomaji mmoja wa hapa Goma aliwashauri wachungaji na mapadri waache kusali "usitutie majaribuni", kwa sababu, alivyosema, maneno hayo yanamfanya Mungu awe ndiye anayewatia watu katika majaribu, na Wafaransa wamekwisha kuliona kosa hilo na kulisahihisha, nasi Waswahili tumebaki nyuma. Naiheshimu nia yake, kwa kuwa hataki Mungu asingiziwe uovu. Lakini analipima neno la Kiswahili kwa kipimo cha Kifaransa, hali Injili ya Mathayo imetufikia kwa Kigiriki.

Ni kweli kwamba tarehe 3 Desemba 2017, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Wakatoliki wa Ufaransa waliacha maneno "ne nous soumets pas à la tentation", waliyokuwa wakiyasali tangu 1966, wakaanza kusema "ne nous laisse pas entrer en tentation", yaani, usituache tuingie katika kishawishi. Kabla ya 1966 walikuwa na maneno mengine tena, ya kuomba wasiachwe washindwe na kishawishi. Mageuzi ya 2017 hayakuletwa na hati mpya ya Kigiriki iliyopatikana mahali. Yaliletwa na hofu kwamba waumini wanamwelewa Mungu vibaya. Hofu hiyo ni ya haki, ila haitoshi kutufanya tuseme kwamba waliotafsiri Biblia ya Kiswahili walikosea.

Kitenzi cha Kigiriki kilichomo katika Mathayo 6:13, mstari wa sala hiyo, ni "eisphero", maana yake kuingiza, kupeleka ndani. Luka anakitumia hicho hicho katika sura ya 5, pale watu waliombeba mwenye kupooza walipotafuta njia ya kumwingiza nyumbani alimokuwa Yesu, wakaikosa kwa sababu ya wingi wa watu, wakapanda juu ya dari. Mtu yule hakuachwa aingie, alibebwa akaingizwa. Hivyo Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya 1952, iliposema "usitutie" ilikifuata Kigiriki karibu sana, tena kwa neno ambalo mtoto yeyote wa Goma analitumia mchana kutwa, akitia maji katika bidoni au chumvi katika sufuria. Najua kwamba ukaribu huo ndio unaotisha, maana anayesikia "usitutie" anauona mkono wa Mungu ukimtia.

Niliuona woga huo kwa macho yangu. Katika kikundi chetu cha maombi huko Majengo yuko mama mmoja ambaye nyumba yake ya Buhene ilifunikwa na moto wa volkano ya Nyiragongo usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Tulipokuwa tukisali Sala ya Bwana, nilimwona mara nyingi akifunga midomo tukifika hapo, na kuifungua tena kwenye "utuokoe". Nilipomwuliza, aliniambia, "Mzee, mimi niko ndani tayari. Nitamwomba vipi asinitie?" Nikiwa mzee wa kanisa niliharakisha kumsomea Yakobo 1:13, kwamba Mungu hamjaribu mtu. Akanitazama, akasema, "Basi kwa nini tunamwomba asifanye jambo ambalo hafanyi?" Sikuwa na jibu siku ile, na nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, kwa sababu nilikuwa nimefundisha sala hiyo miaka mingi bila kujiuliza swali lake.

Jibu nililipata katika neno la pili, "peirasmos", ambalo kwa Kigiriki linabeba mambo mawili pamoja: mvuto wa dhambi, na dhiki inayompima mtu. Kifaransa cha sala kimechukua upande mmoja tu, "tentation". Na Wakatoliki wa Kiswahili wanaosali "usitutie katika kishawishi" nao wameelekea upande huo huo. "Majaribu" yetu yamebaki mapana. Mtu wa Goma akisema yuko katika majaribu, hatumwulizi ni dhambi gani inayomvuta. Tunamwuliza amepatwa na nini. Yakobo mwenyewe, akikanusha kwamba Mungu hujaribu, anaeleza katika mstari wa 14 ni kujaribiwa kwa namna gani: mtu huvutwa na kudanganywa na tamaa yake mwenyewe. Kuvuta huko si kazi ya Mungu. Lakini Mathayo 4:1 inasema Yesu alipandishwa na Roho nyikani ili ajaribiwe na Ibilisi, na katika sentensi hiyo moja aliyempeleka ni mmoja, aliyemjaribu ni mwingine. Sala inamwomba yule wa kwanza asitupeleke huko.

Na hilo ni ombi ambalo Yesu mwenyewe aliliomba. Gethsemane alisema kikombe kile kimwepuke, kisha akawaambia wanafunzi wakeshe na kuomba wasije wakaingia majaribuni, kwa neno lile lile la sala aliyowafundisha. Aliomba aepushwe, na bado alikinywea. Nilipomweleza mama yule hivyo, aliniomba nimwandikie mistari hiyo miwili, Mathayo 4:1 na 26:41, katika karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya Biblia yake.

Kuhusu mwisho wa mstari, "utuokoe na yule mwovu", sina ugomvi na yeyote. Kigiriki kinaruhusu "yule mwovu" na kinaruhusu "maovuni", na Kanisa limesali kwa namna zote mbili.

Ninachoomba, mhariri, ni kwamba mkichapa barua nyingine juu ya jambo hili, mchape na mstari wenyewe ubavuni mwake, kwa Union Version, kwa tafsiri ya Habari Njema na kwa Kifaransa cha zamani na cha sasa, ili msomaji ajionee kila neno kabla ya kuambiwa lipi liondolewe.

Mzee wa kanisa,
Majengo, Goma