Jicho la Rukia

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya Alasiri

Somo yangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu. Upepo wa kusi umeshaingia, usiku twalala na shuka, na Mama anakusalimu sana na kukuuliza Maskati mwala nini siku hizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha ya kusikia habari zenu, mara ya pili nikakwama pale ulipoandika kwamba Fahmi ameanza bunduki ya upepo, kwamba risasi zake zote zaenda kushoto, na kwamba mwalimu wake amekwambia mtoto hana makini. Somo, maneno hayo hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu, kumwambia mwanangu Rukia, muda wa miezi mitatu. Ndiyo maana nimekaa chini leo nikuandikie kwa urefu, kabla na nyinyi hamjampotezea mtoto miezi yake.

Unajua Rukia alivyoanza. Kaka yangu alimletea upinde mwepesi kuvuta, wa nguvu ya ratili 12, akawa anafuatana nami kila Jumamosi saa moja asubuhi kwenye kile kiwanja cha Kisauni ninakosaidia watoto. Shabaha zetu ni magunia tuliyoyasindilia vitambaa vya mafundi cherehani, na nyuma yake kuna kilima cha mchanga. Mita 10 tu. Watoto wenziwe wa miaka tisa walikuwa wakigonga gunia bila shida. Mshale wa Rukia ungegusa ukingo wa kushoto, unaofuata ungezama mchangani, kushoto vilevile. Nikamrekebisha miguu. Nikamrekebisha bega, kiwiko, vidole kwenye ugwe. Nikamwambia atulie, atazame, aache mchezo.

Siku moja akaniambia, "Mama, mimi natazama palepale katikati." Nikamjibu, "Ungekuwa watazama, ungepiga." Jibu langu lile bado laniuma, kwa sababu mtoto alikuwa akisema kweli tupu.

Kilichonifungua macho ni shingo yake. Nilisimama ubavuni, akavuta ugwe mpaka shavuni kwa mkono wa kulia, na kabla ya kuachia nikaona kichwa chake kinainama polepole kulia, kidevu kinavuka ugwe, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho begani. Kila mshale, shingo ilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeshaiona mara nyingi na kila mara nikiinyoosha kwa mkono wangu. Siku ile nikamwacha nione atafika wapi. Akainama mpaka jicho la kushoto likakaa juu ya mshale, akaachia, na mshale ukaingia ndani ya duara.

Ya kwamba kila mtu ana jicho linaloongoza nilikuwa nimesikia, lakini sikuwahi kulifikiria kwa mtoto wangu mwenyewe. Macho mawili hayatazami sawa unapolenga kitu. Moja hushika usukani, na jingine hulifuata. Kwa watu wengi ni la kulia; kwa kama theluthi moja ni la kushoto. Na mkono hauna mkataba na jicho. Wako watu wengi sana wanaoandika kwa mkono wa kulia na kulenga kwa jicho la kushoto, na maisha yao yote hawajui, kwani kula, kusoma na kutembea hakuhitaji kujua. Upinde na bunduki ndivyo vinavyokudai jicho na mkono vikae upande mmoja.

Nikamfanyia jaribio jioni ile, juu ya paa la nyumba. Nilikata tundu katikati ya kipande cha boksi, la ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Nikamwambia akishike kwa mikono miwili, ainyooshe mbele, macho yote wazi, autazame mnara wa Msikiti wa Mandhry kupitia tundu lile. Kisha akivute kile kipande taratibu mpaka usoni bila kuupoteza mnara. Kikaja chenyewe kwenye jicho la kushoto. Nikamfanyia tena, nikamfanyia kesho yake asubuhi, nikamfanyia yeye akiitazama pua yangu kupitia tundu ili nilione jicho lake kwa upande wangu. Kila mara jicho la kushoto ndilo lililonitazama. Sikumwambia natafuta nini, kwa sababu mtoto akijua hukupa jibu unalolitaka.

Sasa nikuonyeshe ukubwa wa kosa lenyewe, maana mimi nilipolipima kwa uzi nilikaa kitako. Macho ya mtoto yametengana kama sentimita 5 na nusu. Mshale wa Rukia una sentimita 65. Kitako cha mshale kiko chini ya jicho la kulia, lakini anayelenga ni jicho la kushoto, basi ncha ya mshale yavutwa kushoto zaidi ya sentimita 5 ili ikae kwenye mstari wa jicho lile. Zitie hizo sentimita 5 kwenye urefu wa mshale, kisha uufuate mstari wenyewe mpaka mita 10: mshale umekwenda kushoto karibu sentimita 80. Rukia alikuwa akikosa kwa nusu ya hapo, kwa sababu shingo yake ilikuwa imeshajifunza kuinama na kulifidia kosa. Mwili wa mtoto ulikuwa unajitibu wenyewe, na mimi kila nilipomnyoosha shingo mshale ulizidi kupotea. Nikadhani ananifanyia ukaidi.

Jirani mmoja aliposikia habari ya jicho aliniuliza kama mtoto ana makengeza. Hapana, na usikubali mtu yeyote amtie Fahmi wazo hilo. Macho ya Rukia yamenyooka. Hata hivyo nilimpeleka kwa daktari wa macho kwanza, na wewe nakusihi ufanye hivyo hivyo, kwani mara nyingine jicho moja huongoza kwa kuwa jingine ni dhaifu, na udhaifu huo kwa mtoto hutibika vizuri zaidi ukigunduliwa mapema. Daktari alimpima akakuta macho yote mawili yaona sawasawa. Kuongoza si nguvu. Ni yeye aliyenieleza kwamba jambo hili liliandikwa zamani na Mtaliano mmoja, Giambattista della Porta, mwaka 1593. Nilipofika nyumbani nikamwambia Rukia kwamba ndio mwaka Wareno walioanza kuijenga Fort Jesus, na tangu hapo kila tukipita ngomeni hunikumbusha kwamba jicho lake lina umri sawa na ukuta ule.

Haya, dawa. Njia niliyoanza nayo ilikuwa mbaya. Nilimfunga kitambaa cheusi kwenye jicho la kushoto. Mishale ikanyooka siku hiyohiyo, sikatai, lakini watoto wenziwe wakamwita chongo, naye akakirarua kitambaa na kukaa chini ya mwembe mpaka tukaondoka. Nikamwambia basi afumbe jicho. Kulifumba kukamkunja uso mzima, akachoka baada ya mishale kumi, na jicho la pili nalo likawa lacheza. Yule kijana wetu wa kiwanjani, wa miaka 16, ambaye ana hali hiyohiyo, tulimwekea kipande cha selotepu, ile yenye ukungu, kwenye kioo cha kushoto cha miwani. Mwanga waingia, ila jicho halioni shabaha, basi laliachia la kulia kazi. Yeye amepiga kwa mkono wa kulia miaka mingi na kumgeuza kulishindikana. Selotepu yamtosha na anaendelea vizuri.

Lakini Rukia ana miaka tisa na alikuwa hajazoea chochote. Kwa mtoto kama huyo mimi naamini mkono ndio ulifuate jicho. Nikaamua kumgeuza apige shoto.

Unamjua Mama. Alikuwa barazani juu ya mbuzi akikuna nazi, akanyamaza mpaka nikamaliza kusema. Kisha akaniambia, "Miaka tisa nimemfunza mtoto kula na kutoa kwa mkono wa kulia, leo wewe wamrudisha shoto?" Sikubishana naye, kwa sababu neno lake lina uzito kwangu na ndivyo alivyonilea mimi. Nikauchukua upinde nikamsimamia pale mbele. Nikamwonyesha kwamba anayepiga shoto huushika upinde kwa mkono wa kulia. Wa kushoto kazi yake ni kuvuta ugwe tu. Akautazama upinde, akautazama mkono wangu. "Kwa hivyo wa kulia ndio ushikao silaha?" Nikamwambia ndio. Akarudi kwenye nazi yake. Mwenyewe ndiye hutukumbusha kila siku kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwahimiza watu kupiga mishale.

Baada ya kitambo, bila kuinua kichwa, akasema, "Mimi nikitunga sindano hufumba jicho la kulia." Nikaenda kuleta kile kipande cha boksi. Kikaja kwenye jicho lake la kushoto, mara tatu. Akamwita Rukia akamkalisha karibu naye, na maneno ya shoto yakaisha siku hiyo.

Kumgeuza si kazi ya siku moja, na hapa ndipo wazazi wengi huharakisha. Wiki tatu za mwanzo hakugusa mshale. Nilikata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga kitanzi, na kila jioni baada ya Maghrib alisimama mbele ya kioo cha kabati, mkono wa kulia umenyooka, wa kushoto unavuta mpaka chini ya kidevu, anahesabu hadi tano, anarudisha. Kisha tukarudi kiwanjani, mita 5, karatasi nyeupe isiyo na duara hata moja, ili asipate cha kujihukumu nacho. Ugwe ulimchapa mkono wa kulia kwa ndani ukaacha alama ya bluu, kwa hivyo kinga ya mkono usiisahau. Na upinde ule wa kaka ilibidi tuuweke kando, maana umechongwa dirisha la kupitishia mshale upande mmoja tu, kwa mtu wa kulia. Tukaazima ule wa plastiki wa watoto unaokubali pande zote mbili mpaka tulipopata wa shoto.

Wiki ya saba tukarudi mita 10. Alisimama, akavuta, na kichwa hakikuinama. Somo, nilikuwa nimekizoea kichwa kile kikilala mpaka nikangoja kilale. Shingo ilikaa wima kama ya mwali aliyebeba mtungi, macho yote mawili wazi. Akapiga sita. Mitano ilikaa pamoja, nafasi ya kiganja changu, wa sita kando kidogo. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda kuichomoa mmoja mmoja, na mimi nikamfuata nikapiga magoti kwenye mchanga nikamwomba msamaha kwa kumwambia kwamba hatazami. Akaniambia, "Nilikwambia, Mama." Sasa ukutani kwake kuna picha ya Shehzana Anwar, yule mpiga upinde wetu aliyebeba bendera ya Kenya kule Rio mwaka 2016, na kila akitoka chumbani husimama chini yake akavuta upinde wa hewa, shoto.

Kwa Fahmi basi. Ikiwa jaribio litaonyesha jicho la kushoto, mwangalie kwanza shavu lake juu ya kitako cha bunduki: akilivusha upande wa pili ili jicho la kushoto lilifikie tundu la kulengea, hilo ndilo lile la shingo ya Rukia. Kwa kuwa ameanza juzi tu, mwambie mwalimu amjaribu bega la kushoto, na kwa bunduki ambayo mahali pa kulaza shavu hapakuchongwa kwa upande mmoja tu, la sivyo mtoto atateseka bure. Mwalimu akikataa kabisa, omba kijikaratasi cheupe kifungwe kando ya tundu la kulengea, mbele ya jicho la kushoto, au selotepu kwenye miwani. Kitambaa cheusi usimfunge. Na mwalimu huyo mwambie kwa upole, kwa sababu pengine hajui, kama nilivyokuwa sijui mimi.

Kile kipande cha boksi nimekutilia humu ndani ya bahasha, ndicho hichohicho cha Rukia na cha Mama. Toka naye nje penye kitu cha mbali kilichosimama wima, anyooshe mikono, macho wazi yote mawili, atazame mbele moja kwa moja bila kugeuza uso, maana ukitazama pembeni sana jicho linaloongoza laweza kubadilika. Mfanyie mara tano, siku mbili tofauti. Usimwambie watafuta nini. Kisha niandikie kimekuja kwenye jicho gani.

Msalimie baba Fahmi na watoto wote. Rukia asema amngoja Fahmi Desemba, na upinde wa plastiki bado tunao.

Wako akupendaye,
Mwanaisha