Barua kwa mwanangu: wanataka uzoefu nawe ndo kwanza umetoka chuo

Mwanangu,

Jana ulivyokata simu nilikaa pale pale nikiwaza, nilikuwa na la kukujibu ila nikajua tukianza kwa simu tutaishia kubishana kama kawaida yetu, basi bora niandike. Ulisema, "baba kila tangazo wanataka uzoefu wa miaka 2 mpaka 3, sasa mtu anayetoka chuo leo huo uzoefu anaupata wapi?" Swali la haki kabisa. Na mimi hizi kazi za kompyuta nimezianza kabla hujazaliwa, na vijana wa umri wako nimewafanyia usaili mpaka nimepoteza hesabu, kwahiyo ngoja nikwambie kinachoendelea huko ndani.

Hiyo miaka 2 mara nyingi imeandikwa kwa mazoea tu. Anayeandika tangazo anaweka kila anachokitamani, kama mtu anayetaja sifa za mchumba. Kinachomnyima usingizi ni kumkabidhi mgeni funguo za mfumo unaofanya kazi, alafu mgeni auangushe na asijue ameangushaje. Kwahiyo anachotafuta ni mtu aliyewahi kuona kitu kimekufa mbele yake akakaa nacho mpaka kikafufuka. Na hicho wala huhitaji mwajiri ili ukipate, nitakuja hapo.

Kwanza CV yako. Nimeisoma. Umeorodhesha lugha 9 za kuprogramu mwanangu, 9! Ningekuwa mimi ndo nakusaili ningechagua ile moja ninayohisi huijui, tuone. Python umesoma mihula miwili, hiyo sawa, JavaScript umetengeneza nayo ile projekti ya mwaka wa mwisho, nayo sawa, hizo nyingine futa. SQL, ile lugha ya kuulizia data, ibaki lakini kaisome upya vizuri, ukikaa na mtu wa databezi (ghala la data) akikupa majedwali matatu uyaunganishe usitoe jasho. SQL ilianzia IBM miaka ya 1970 na mpaka leo ndo inayoulizwa kila siku, wakati fremuweki (viunzi vya kujengea programu) nilizokesha nazo ujanani hata majina yake huyajui. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ni ya 1991, Git, chombo cha kutunza kila badiliko la programu, ni ya 2005, zote kazianzisha Linus Torvalds, na utakuta sehemu nyingi hawakuulizi hata kama unazijua, wanakuchukulia tu kwamba unazijua. Itifaki za TCP/IP, yaani kanuni za kompyuta kuongea, ndo zilichukua nafasi ya zile za zamani kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, tarehe 1 Januari 1983, na barua pepe utakazotuma kesho zitapita humo humo. Sasa kijana anakimbilia kitu kilichotoka mwezi jana, haya mambo ya chini anayaruka, alafu anashangaa anakwama.

Kuna swali la usaili la zamani sana ambalo bado nalipenda: ukiandika anwani ya saiti kwenye brauza ukabonyeza enta, nini kinatokea? Wengi wanasema "saiti inafunguka" wananyamaza. Nilimpata mmoja, digrii yake ya kawaida tu, akaanza: brauza inaiuliza DNS (kitabu cha anwani cha intaneti) namba ya sava, kompyuta inayotunza hiyo saiti, ikishaipata inafungua muunganisho kwenye poti 443, mlango wa mawasiliano salama, wanakubaliana usimbaji, yaani namna ya kuficha ujumbe, ndo ombi linatumwa, alafu akafika mahali akasema hapa kwa kweli sina uhakika, ila ningefungua programu ya kunasa trafiki nione kinachopita. Tukamchukua. Ile "sina uhakika ila ningeangalia hivi" ndo iliyompa kazi, ile DNS hata mwingine angeweza kuikariri.

Hapa nikusimulie kitu ambacho mama yako tu ndo anakijua. Mwezi wangu wa tatu kazini nilifungua madirisha mawili meusi kwenye skrini, moja sava ya majaribio, moja sava yenyewe inayotumika, yanafanana kama mapacha. Nikafuta folda. Kwenye dirisha lisilo lake. Nilivyogundua nikanyamaza, yaani watu wanazunguka wanauliza mafaili yameenda wapi na mimi nimo nazunguka nao nauliza, nusu siku nzima! Tukarudishia bakapu (nakala ya akiba) ya usiku uliopita, wenzangu wakaandika upya kazi ya siku ile kwa mkono. Bosi alinikalisha chini akaniambia kufuta amenisamehe, ila ule unafiki wa kutafuta pamoja nao ndo uliomfanya afikirie kunifukuza, maana kama ningesema mapema tungezuia watu wasiendelee kuandika juu ya uharibifu.

Miaka mingi baadae yakawakuta GitLab, kampuni inayotunzia watu programu zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Injinia wao usiku amechoka akafuta data kwenye sava kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, akashtuka sekunde moja au mbili hivi, kati ya gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5. Wakaenda kwenye bakapu, kumbe njia zao 5 za kuhifadhi hakuna iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, moja ilikuwa inafeli kimyakimya kwa sababu matoleo ya programu hayalingani, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa. Kilichowaokoa ni nakala ya kama masaa 6 nyuma ambayo mtu aliitengeneza kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini angalia walichofanya: waliweka kila kitu hadharani, hadi kazi ya kurekebisha wakairusha laivu YouTube watu wanaangalia, baadae wakaandika kilichotokea hatua kwa hatua. Kaitafute ile ripoti uisome taratibu, utajifunza humo kuhusu databezi kuliko muhula mzima.

Kuhusu helpdeski, ile kazi ya kusaidia watu kompyuta zikiwagomea. Najua ulivyokunja uso nilivyoitaja, eti hukusoma miaka yote hiyo ukabadilishie watu paswedi. Haya. Ila mtu wa helpdeski anaona mfumo wote unavyoharibika, leo printa, kesho VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), keshokutwa barua pepe imeingiwa na matapeli, na akiwa makini anajua ndani ya mwaka kipi kinampendeza, kama ni mitandao, usalama, au data. Kuna na kazi za kupima programu kabla hazijatoka, kuna uchambuzi wa mifumo ambao unataka mtu wa kusikiliza wateja wasiojua wanataka nini (wewe una subira hiyo, sijui umeirithi kwa nani, kwangu sio). Usiingie tu na kukaa. Na kila tatizo unalomaliza andika lilikuwa nini na ulilipataje, kwa sentensi ambazo mwenzako akizisoma usiku umelala hatakupigia simu.

Vyeti kama CCNA (cha mitandao) au CompTIA A+ (cha ufundi wa msingi wa kompyuta) vinasaidia, ila vinaisha muda baada ya miaka 3 na vinagharimu hela, kwahiyo kimoja, baada ya kujua unaelekea wapi, usikusanye kama stempu.

Na hii AI, akili bandia. Sitakudanganya, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 zile kazi ndogondogo tulizokuwa tunawapa wageni wajifunzie, nyingi mashine inaziandika kwa dakika. Itumie, ila usipeleke kazini mstari wa programu ambao huwezi kumweleza mwenzako unafanya nini, maana ukiangusha mfumo hautaitwa wewe na mashine, utaitwa peke yako. Na data za wateja au paswedi usizibandike humo hata siku moja.

Sasa ule uzoefu. Laptopu yangu ya zamani iko kabatini, ichukue. Weka Linux, weka databezi, weka saiti ndogo hata kama ni ya madeni tunayodaiana humu ndani, tengeneza bakapu. Alafu ifute. Kwa makusudi kabisa, futa databezi nzima, rudisha kutoka kwenye bakapu yako tuone kama inarudi. Mara ya kwanza haitarudi, nakuahidi. Andika kwanini haikurudi, weka hayo maandishi na programu zako kwenye GitHub, saiti ya kuwekea programu watu wazione, na kwenye CV pale zilipokuwa lugha 9 weka linki hiyo.

Chaja yake waya umelegea, ukiichomeka ikunje kidogo upande wa kushoto ndo inaingiza moto. Betri usiitegemee, ilishakufa.

Baba yako