Barua ya wazi kwa wauguzi vijana mnaojiandaa na mtihani wa leseni

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipata, marahaba nyote. Najua wengi wenu mnasoma barua hii simu ikiwa imejaa maswali ya miaka iliyopita, yale mnayorushiana usiku kwenye makundi ya WhatsApp. Mimi sina maswali ya kuwapa. Nataka tuzungumze namna mnavyolipitia somo la magonjwa ya watu wazima na upasuaji, kwa sababu linanitia wasiwasi.

Nikimuuliza kijana kisukari ni nini, ananitajia maana, aina, visababishi, dalili, vipimo na tiba bila kuvuta pumzi. Nikimwambia: mgonjwa wako wa kisukari ametota jasho saa tisa usiku, anaongea maneno yasiyoeleweka, unaanza na nini? Anaangalia dari.

Ushauri wangu ni huu. Kila ugonjwa mnaoupitia, jiulizeni ni kitu gani kinaweza kumwondoa mgonjwa huyu kabla ya asubuhi, kitaanza kujionyesha vipi, na mkono wangu utafanya nini kwanza wakati daktari yuko njiani. Maana ya ugonjwa na orodha ya visababishi visomeni pia, mtihani utauliza, lakini vikae nyuma ya hilo.

Tuanze na mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hudanganywa na mashine ya presha. Kitabu kinasema aliyepoteza damu nyingi atakuwa na presha ya chini, mapigo ya haraka, ngozi baridi yenye unyevunyevu na mkojo kidogo. Ni kweli, ila haviji siku moja kama wageni wa harusi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akipoteza mpaka asilimia 15 huenda usione kitu. Akivuka hapo mapigo yanapita 100, anapumua upesi kidogo, anahangaika, anavuta shuka, anaomba maji. Namba ya juu ya presha bado inasoma 115 na wewe unaandika "hali nzuri". Presha yenyewe inaanguka akishapoteza karibu asilimia 30, yaani lita moja na nusu. Ukiisubiri ishuke ndipo ushtuke, umechelewa kwa karibu lita nzima. Na kijana wa miaka 20 ndiye anayedanganya zaidi, mishipa yake inajikaza vizuri mpaka dakika ya mwisho, kisha anaporomoka ghafla.

Kwa hiyo chati isomeni kwa mwelekeo wake. Mapigo 84, kisha 96, kisha 108, kisha 118 ndani ya saa moja ni mgonjwa anayevuja, hata kama presha imetoka 120/80 ikawa 114/92. Tazameni hizo namba mbili za presha zinavyosogeleana, hiyo nayo ni habari. Halafu ingiza mkono wenye glavu chini ya mgongo wake. Gozi (kitambaa cha kufunika kidonda) ya tumboni inaweza kuwa nyeupe kabisa kwa juu, damu ikawa imeteremka ubavuni na kutuama chini ya kiuno. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, angalia na pedi, shika na tumbo usikie kama mfuko wa uzazi umekaza. Mkojo usipungue nusu mililita kwa kila kilo kwa saa. Mwenye kilo 60 akupe angalau mililita 30. Na kabla hujaandika kwamba figo zimegoma, hakikisha mpira wa mkojo haujajikunja chini ya paja. Nacheka, lakini nimeuona huo mpira mara nyingi.

Aliyeumia kichwa anafanya kinyume, na hapa mtihani unawapenda sana. Kwake presha inapanda, mapigo yanapungua, na kupumua kunapoteza mpangilio. Ubongo umevimba au damu imejikusanya ndani ya fuvu, nafasi imekwisha, mwili unapandisha presha ili damu ipenye ifike ubongoni, na moyo unajibu kwa kupunguza mwendo. Mwanafunzi asiyejua sababu hii ataomba dawa ya kushusha presha, na akipewa atakuwa ameufungia ubongo damu kidogo iliyokuwa inafika. Tena hizo ni dalili za mwisho mwisho. Ya kwanza ni fahamu. Alama za Glasgow, zile za kupima fahamu, zikitoka 15 zikawa 13, piga simu, usisubiri zifike 8. Kijana wa bodaboda anayekoroma usiku wa manane usiseme amelala vizuri leo. Mwamshe, mmulike mboni za macho uone kama zinalingana. Na akinuka pombe, usimalizie hapo: pima sukari, na uendelee kumhesabia kuwa ana jeraha la kichwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Hao hao wa bodaboda ndio wanaojaza wodi za mifupa, na mguu uliovunjika una hatari yake ambayo wengi mnaisoma haraka haraka. Mfupa wa chini ya goti ukivunjika, misuli inavimba ndani ya ala isiyotanuka, na P.O.P. (plasta ngumu ya mifupa) iliyobana au fito za fundi wa mifupa wa mtaani zinaongeza ubaya. Dalili ya kwanza ni maumivu makubwa kuliko jeraha lenyewe, yasiyosikia dawa, yanayomfanya apige kelele ukimnyoosha vidole vya mguu. Ganzi inafuata. Mapigo ya mguuni hupotea mwisho kabisa, kwa hiyo usijifariji kwamba "mapigo yapo". Misuli inavumilia saa 6 hivi, baada ya hapo inaanza kufa bila kurudi. Cha kufanya ni kulegeza kila kinachobana, kupasua P.O.P. mpaka kwenye ngozi, na kuweka mguu usawa wa moyo. Najua mlifundishwa kwamba mguu uliovimba uinuliwe juu ya mto. Huu usiinuliwe, kwa sababu damu inayopenya kwa shida itashindwa kabisa. Kisha mwite daktari, maana dawa yake hasa ni kisu. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi huitwa mdekaji. Tafadhali msiwe ninyi mnaomwita hivyo.

Kuungua moto mnakujua kwa kanuni: mililita 4 za maji ya mshipani mara kilo mara asilimia ya ngozi iliyoungua, nusu ndani ya saa 8 za kwanza, nusu ndani ya saa 16 zinazofuata. Wengine siku hizi huanza na mililita 2 kwa mtu mzima, fuateni mwongozo wa mahali mlipo. Kinachowaangusha ni saa. Chukua mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 kwa mlipuko wa jiko la gesi saa mbili asubuhi. Hesabu inakupa mililita 7,200, nusu yake 3,600. Amefika kwako saa saba mchana baada ya kupakwa asali nyumbani na kuzungushwa kutafuta gari. Saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua, kwa hiyo zimebaki 3, na maji yanayotakiwa ni mililita 1,200 kila saa. Kijana anayeanza kuhesabu alipompokea atampa 450. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu bila malengelenge haiingii kwenye asilimia. Ukishaanza, mkojo ndio utakuambia uongeze au upunguze. Na kabla ya hesabu zote hizo, mtazame puani na kooni: nywele za pua zimeungua, sauti imekwaruza, mate yana masizi? Huyo koo linaweza kuvimba likaziba wakati wewe uko na kikokotoo mkononi.

Sasa turudi kwa yule wa jasho la saa tisa usiku. Pima sukari. Chini ya 4 (milimoli kwa lita) imeshuka, na hata kipimo kikikosekana, mtibu kama iliyoshuka, kwa sababu sukari ya juu inakupa muda na ya chini haikupi. Anayemeza apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vidogo vitatu kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua usimtie kitu mdomoni, yeye apewe glukosi kwenye mshipa. Akiamka, ndugu watafurahi na kutaka kuondoka. Ulizeni anatumia dawa gani. Kama ni glibenklamaidi, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, sukari itashuka tena baada ya saa chache, hivyo abaki wodini.

Yule wa sukari ya juu anayepumua kwa nguvu na kwa kina, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, wengi mnakimbilia insulini. Anza na maji ya chumvi ya mshipani. Kisha uliza potasiamu, kwa sababu insulini inaisukuma potasiamu kuingia ndani ya seli, na kama ilikuwa chini tayari, moyo utasimama huku wewe ukifurahia kwamba sukari inashuka. Na kwa vile tumeitaja: potasiamu haisukumwi kwa bomba la sindano kwenye mshipa, hata kidogo, hata ukiambiwa kwa simu na mtu mwenye cheo.

Kiharusi. Adui wa wodini ni uji. Ndugu wanampenda mgonjwa wao, wanakuja na chupa, wanamnywesha akiwa amelala chali, nusu inaingia kwenye mapafu, na siku chache baadaye mnatibu nimonia. Mgonjwa mpya wa kiharusi asile wala asinywe mpaka umemkalisha, umempa maji kidogo kwa kijiko na kuona kama anakohoa au sauti inabadilika. Waelezeni ndugu mlangoni, kwa upole, kabla hawajafungua chupa. Presha yake pia msiikimbize. Kama mshipa umeziba na hapewi dawa ya kuyeyusha bonge, huwa inaachwa mpaka ipite 220 kwa 120.

Mengine kwa haraka. Ukitundika damu, kaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo. Akitetemeka, akilalamika kiuno au kifua, funga damu, badilisha mpira, endelea na maji ya chumvi, chupa usiitupe. Bibi aliyepikia kuni miaka yote na mapafu yamechoka, oksijeni yake ya damu ilenge asilimia 88 mpaka 92, usimfikishe 100 kwa wema. Bomba la kifua halibanwi wakati wa kumsafirisha mgonjwa, na chupa yake inakaa chini ya usawa wa kifua muda wote. Ninyi mlio Kanda ya Ziwa, mvuvi kijana anayetapika damu nyingi ghafla, hanywi pombe, wengu umevimba, fikirieni kichocho cha tumbo kilichoziba njia za damu kwenye ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Mlaze ubavu, weka kanula (mirija ya mshipani) mbili kubwa, damu ya kundi ipelekwe maabara kabla hata hujauliza historia yote.

Kuhusu hayo maswali ya simuni: mengi ni ya NCLEX, mtihani wa leseni wa Marekani. Si mabaya, yanafundisha kufikiri. Lakini sukari yao iko kwenye miligramu. Igaweni kwa 18 mpate namba ya mashine zetu. Na jibu likisema "mwite mtaalamu wa upumuaji", jueni kwamba kwenye wodi zetu nyingi usiku mtaalamu huyo ni wewe. Majibu yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana msiyakariri. Mengine yana makosa, na yamesambaa kwa sababu hakuna aliyeuliza kwa nini.

La mwisho ni simu. Jizoezeni wawili wawili, mmoja awe daktari aliyekatiziwa usingizi. "Daktari, mgonjwa hali siyo nzuri" haimtoi mtu kitandani. Sema hivi: "Daktari, napiga kutoka wodi ya upasuaji wanaume. Kitanda cha 14, amefanyiwa upasuaji wa utumbo leo mchana. Mapigo yametoka 84 mpaka 118 ndani ya saa moja, presha 114 kwa 92, mkojo mililita 10 kwa saa iliyopita, shuka chini yake ina damu. Nimeweka kanula ya pili, maji yanaenda, damu ya kundi iko maabara. Naomba uje umwone sasa." Akikuambia uendelee kumwangalia, andika saa na alichosema, kisha mpigie aliye juu yake.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Mwanza