Usaili wa kiongozi wa timu: tukutane Jumapili

Habari za jioni wapendwa. Wale mnaoingia kwenye usaili wa kiongozi wa timu hapo dukani wiki ijayo, tukutane Jumapili saa 10 jioni, Mwenge, palepale pa siku zote.

Msije na "mimi ni mchapakazi". Wanaowasaili ni mabosi wenu, wanawaona kila siku. Wanachotaka kujua ni kama utaweza kuwasimamia watu uliokula nao chipsi jana. Kwa hiyo kila mmoja aandae visa viwili vya kweli. Keshia kapungukiwa hela wakati wa kufunga hesabu, ulifanyaje? Mwenzako anachelewa kila asubuhi na kusingizia mabasi ya mwendokasi, ulimwambiaje, na baada ya hapo ikawaje? Hapo kwenye "ikawaje" ndipo wengi wanakwama, na ndipo nafasi inapopatikana.

Pitieni pia mambo ya dukani: bidhaa inayokaribia kuisha muda wake ikae mbele, kuhesabu stoo, mteja anadai risiti na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, imegoma. Mauzo ya kitengo chako yawe kichwani.

Dada zetu mliokaa kaunta miaka mingi, tafadhali msijirudishe nyuma. Mnaijua kazi hii kuliko wengi wetu.

Atakayetoka zamu kwa kuchelewa aje tu, tutamsubiri.