Jetta ya dizeli ya Texas: soma hii kabla hujakata tiketi

Des Moines, Januari

Ndugu yangu Saidi,

Salamu nyingi, na unisalimie wote hapo nyumbani. Picha nimezipata: Volkswagen Jetta TDI ya 2012, gia za DSG (zinazojibadilisha zenyewe), maili 127,000, haina kutu hata chembe. Gari liko Fort Worth na wewe uko Minneapolis. Nakuomba jambo moja kabla ya mengine yote: usikate tiketi ya kwenda tu. Mtu anayeshuka kwenye ndege na hundi ya benki mfukoni, na hana tiketi ya kurudi, huyo ameshanunua gari kabla hajaliona, na muuzaji analijua hilo. Tafuta kwanza fundi wa dizeli huko huko Fort Worth, asiye rafiki wa muuzaji, umlipe dola 150 au 250 alikague. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe, umeokoa pesa ya ndege.

Kabla hata ya fundi, omba namba ya chasisi. Ina tarakimu na herufi 17. Ya Jetta iliyoundwa Puebla, Mexico, huanza na 3VW, na ya kumi kwa gari la 2012 ni C. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya shirikisho ya usalama barabarani, uone kama kuna urekebishaji wa kiwandani ambao haujafanywa, hiyo ni bure. Kisha lipia ripoti ya historia, uangalie kama gari limewahi kuandikwa salvage (limeharibika vibaya) au rebuilt (limeharibika likaundwa upya). Texas haina chumvi ya barabarani kama huko kwenu, lakini ina mvua ya mawe na ina mafuriko. Magari mengi yalizama Houston kwenye kimbunga Harvey, Agosti 2017. Ripoti inaweza isiseme kitu. Mkanda wa kiti husema: uvutwe wote hadi mwisho. Wenye gari husafisha viti na zulia, ila ile sehemu ya mkanda inayolala ndani ya nguzo ni wachache wanaoikumbuka. Ukikuta mstari wa tope la kahawia hapo, achana nalo.

Sasa hizo maili 127,000. Kwa injini hii mkanda wa taimingi unabadilishwa kwenye maili 130,000. Mimi nikiona gari la namna hii linauzwa likiwa limebakiza maili 3,000, sijiulizi kwa nini linauzwa. Mkanda ukikatika pistoni zinagonga vali, na hapo injini imekwisha. Kazi yenyewe ni mkanda, tensheni, rola na pampu ya maji kwa pamoja, zaidi ya dola elfu moja hata kwa fundi wa mtaani. Ipunguze kwenye bei. Muuzaji akisema mkanda umeshabadilishwa, aonyeshe risiti yenye tarehe na maili, maana neno lake halizungushi injini. Kwa DSG dai risiti tatu: oili na chujio lake hubadilishwa kila maili 40,000, kwa hiyo ya maili 40,000, ya 80,000 na ya 120,000.

Kinachonitisha zaidi kwenye injini hii ni pampu ya dizeli ya presha kubwa, hiyo Bosch CP4. Ndani yake kuna rola ndogo inayobingirika juu ya kemu (kipande kinachozunguka na kuisukuma), na hailainishwi na oili ila na dizeli yenyewe. Ikiingia petroli, au maji, au dizeli isiyo na ulaini wa kutosha, rola hukwama ikageuka upande na kuanza kuikwangua kemu. Unga wa chuma unakwenda mbele mpaka kwenye nozeli, na mafuta yanayorudi yanaubeba mpaka kwenye tenki. Ikifika hapo si pampu peke yake: ni nozeli zote nne, reli inayozigawia dizeli, mabomba, na tenki kusafishwa. Bili hiyo inaweza kupita bei ya gari.

Kwa hiyo fundi afungue chujio la dizeli, achote mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo, ayaache yatulie dakika kumi, halafu apitishe sumaku chini ya chupa. Unga unaometa ukiifuata sumaku, safari imekwisha. Lakini kumbuka chujio liko kabla ya pampu. Chuma kinachoonekana hapo kimeshazunguka mfumo mzima. Na chujio lililobadilishwa juzi litakuwa safi hata kama pampu inaanza kuumwa. Mwenye uzoefu ataichomoa pia ile vali ya kupimia mafuta iliyo kwenye pampu yenyewe, aangalie ncha yake. Hapo ndipo mng'ao huanza kuonekana mapema.

Chujio la masizi kwenye eksozi ni rahisi zaidi kulikagua. Ingiza kidole kilichovikwa tishu nyeupe kwenye mdomo wa eksozi. Gari lenye chujio zima halina masizi meusi hapo, hata baada ya maili laki moja. Tishu ikitoka nyeusi tii, chujio limepasuka ndani au limeng'olewa. Texas hawapimi moshi wa magari ya dizeli, na Minnesota hawapimi gari lolote, kwa hiyo gari lililong'olewa chujio linaweza kutembea miaka bila kuulizwa. Bado ni kosa kwa sheria ya shirikisho, na kulirudisha ni gharama yako. Fundi mwenye VCDS, programu ya kupimia magari ya Volkswagen, asome vitu viwili tofauti: masizi na majivu. Masizi gari huyachoma lenyewe likiwa mwendoni. Majivu yanatoka kwenye oili na hayachomeki, yanajaa tu. Ndiyo maana injini hii inataka oili ya kiwango cha VW 507.00, yenye majivu machache, na si nyingine.

Ulize pia kama gari lilifanyiwa marekebisho ya moshi yaliyokuja baada ya kashfa ya Septemba 2015, Volkswagen ilipogundulika kudanganya vipimo vya moshi. Wakala wa Volkswagen anaweza kuangalia kwa namba ya chasisi.

Fundi afike asubuhi na mapema, na jambo la kwanza aishike injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, na dizeli iliyopashwa huficha maradhi yake. Kwenye baridi ya Fort Worth hita plagi (zile zinazopasha silinda wakati wa kuwasha) mbili zikiwa zimekufa hutajua. Minneapolis kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hiyo injini haitawaka. Zipimwe moja moja kwa mita. Na mwulize muuzaji kama intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) imewahi kubadilishwa au kuwekewa kinga ya baridi. Kwenye hizi za 2012 unyevu hukusanyika ndani yake, ukaganda usiku, na barafu au maji yake yakivutwa ndani injini hukataa kuzunguka.

Karatasi hazina mengi. Jina kwenye taito (hati ya umiliki) lilingane na kitambulisho chake. Kama benki imeandikwa kuwa inadai, barua ya kumaliza deni iwepo. Pasifutwe wala kukatwa neno. Maili ziandikwe, kwani gari la 2011 na kuendelea linadai tamko hilo kwa miaka 20. Malipo yafanyike ndani ya benki. Bima ianze kabla hujawasha gari, na kibali cha muda cha kusafiria ukishughulikie mapema, maana muuzaji wa Texas huvua namba zake. Kodi utalipa kwenu, asilimia 6.875, gari la dola 7,000 ni dola 481 na ushei.

Njia ni I-35 moja kwa moja, kama maili 950. (Inagawanyika 35E na 35W huko unakotoka na huko unakokwenda, usipotee mwanzoni wala mwishoni.) Tenki ni galoni 14.5, na kwa maili 40 kwa galoni utafika Kansas City. Ila usifike Minnesota na dizeli ya Texas ndani. Dizeli ya kule haijaandaliwa kwa baridi. Nta yake huganda na kuziba chujio, na gari litakufia maegeshoni alfajiri. Fika kwangu Des Moines tenki ikiwa robo, tujaze ya hapa, na dawa ya kuzuia kuganda itiwe kabla ya kujaza. Usije ukachanganya petroli kama walivyofanya madereva wa injini za zamani: hiyo ndiyo inayoiua pampu niliyokueleza.

Nitumie namba ya chasisi leo jioni. Kitanda kipo, chakula kipo.

Wako,
Hamisi